Mambo Mbotela hakuwa mtu wa asubuhi moja ya Agosti

Mhariri,

Kila tarehe 1 Agosti inapokaribia, redio na runinga zetu hutusimulia hadithi ile ile. Tunaambiwa upya jinsi askari wa Jeshi la Angani walivyomchukua mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake Ngara, Jumapili alfajiri mwaka wa 1982, wakamfikisha kwenye redio ya Sauti ya Kenya na kumlazimisha, mtutu ukimtazama, atangaze kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Alipoaga dunia tarehe 7 Februari 2025 mambo yakawa yayo hayo. Jioni ile nilizungusha redio kutoka stesheni hadi stesheni nikitafuta atakayesema jambo jingine, na kila nilikotua nilimkuta Hezekiah Ochuka, kiongozi wa jaribio lile la mapinduzi, ameshatangulia. Mtu aliingia Sauti ya Kenya mwaka wa 1964, akatangaza hadi uzeeni, kisha kumbukumbu yake tunaipima kwa saa chache ambazo hakuwa hata na uhuru wa kuchagua maneno yake!

Mimi nilikuwa karani wa posta. Nilianza kazi enzi za Posta na Simu ya Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka wa 1977, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza katika ofisi ndogo za huku ndani Pwani: kaunta, mizani, mihuri, ukuta wa masanduku, na nje benchi la mbao ambalo halikukosa mtu. Sikuwahi kukutana na marehemu ana kwa ana. Lakini barua alizoandikiwa na watu wa huku zilipitia mikononi mwangu, na nyingine niliziandika mimi mwenyewe kwa niaba ya watu wasiojua kuandika. Wenzangu wa kaunta tunazidi kupungua, kwa hiyo naomba nafasi niyaseme haya kwenye gazeti lako.

Wasomaji wa makamo hawahitaji kuelezwa Je, Huu ni Ungwana? ilikuwa nini. Vijana wanahitaji. Kilikuwa kipindi kifupi cha Idhaa ya Taifa kilichoanza mwaka wa 1966 na kikadumu zaidi ya nusu karne. Mambo alisimulia tabia fulani ya watu, pengine ya mtu aliyealikwa karamuni akaja na marafiki wasioalikwa, au anayezungumza na mwenzake huku anachokonoa meno, au anayegonga mlango wa watu usiku wa manane kuulizia kitu ambacho kingengoja asubuhi. Akishaisimulia, kwa ile sauti yake ya mtu asiye na haraka, aliuliza swali lililokipa kipindi jina lake. Basi. Hakukuwa na mgeni studioni wala mtaalamu wa kutoa ushauri. Swali liliachwa sebuleni kwenu, na redio ikaendelea na mambo mengine huku watu wawili watatu wakikwepa kutazamana.

Watu wengi hudhani yale yote aliyatoa kichwani mwake. Mengine huenda. Lakini mimi najua kiasi gani tulimwandikia.

Bahasha zilikuja za kila namna. Kulikuwa na zile zenye mistari ya buluu na nyekundu pembeni, za kupelekea barua kwa ndege, ambazo mwenye duka aliwauzia watu kwa barua yoyote ile bora zitoke. Nyingi hata hazikuwa bahasha. Zilikuwa karatasi za daftari la shule zilizokunjwa na kugandishwa kwa wali. Anwani ilikuwa ni "Mambo Mbotela, Nairobi", na nyingine "Mambo" tu, na zote tulizitia kwenye mfuko bila wasiwasi. Walikuwapo wasiobandika stempu makusudi. Hoja yao ilikuwa kwamba redio ni ya serikali na posta ni ya serikali, sasa serikali itajitozaje? Kanuni ilisema barua isiyo na stempu anayeipokea atozwe maradufu. Nilikuwa nikimwita mwenye barua kabla hajafika barabarani, nikimwambia kwamba hapa unamlipisha Mambo kwa kukusaidia, je, huo ni ungwana? Wengi walicheka wakarudi na senti. Mmoja aliniambia atanishtaki kwa Mambo mimi mwenyewe, na nadhani alifanya hivyo, maana baadaye alituma barua nyingine nene akiwa ameibandika stempu hadi zikapitiliza.

Kuandikia watu barua haikuwa kazi yangu rasmi. Ilianza na wazee waliotaka kuwaandikia wana wao walioko Nairobi au kwenye meli, ikaendelea hivyo. Wakati wa chakula cha mchana nilikaa kwenye lile benchi na kalamu. Nikawa najua siri za nusu ya lokesheni, ambazo karani hupaswa kufa nazo, na sitazitoa hapa. Ila naweza kusema kwa jumla jinsi barua za Mambo zilivyokuwa, kwa sababu zilikuwa na tabia moja. Mwenye malalamiko alianza na jina.

Alitaja jina la mkosaji, la babake mkosaji, kijiji, alama ya nyumba, na kama ana baiskeli, rangi ya baiskeli. Andika, aliniambia, andika vizuri ili kule Nairobi wasikosee. Jirani amechukua panga akalirudisha bila mpini. Shemeji huja kila siku saa ya kula na hajawahi kuja saa ya kulima. Kuna bwana huenda kwenye mahanga ya watu, anakula siku zote za matanga, na siku ya kukusanya mchango anaumwa mgongo. Kuna mwingine akishashiba mnazi hupita mangweni kwa wenzake akitangaza deni la kila mtu isipokuwa lake. Hayo yote nililazimika kuyaandika pamoja na majina kamili, na niliandika, kwa sababu barua haikuwa yangu.

Kisha tulisubiri. Barua iliondoka na gari la posta hadi Mombasa, ikapanda treni ya usiku, na kilichotokea baada ya hapo hatukukijua. Nyingi hazikusomwa kamwe. Watu wa nchi nzima walikuwa wakiandika. Lakini wakati mwingine, baada ya wiki nyingi, wakati hata mwenye kulalamika ameshasahau, ungesikia Jumapili jambo linalofanana kabisa na lile uliloandika kwenye benchi, likiwa limevuliwa kila kitu. Jina halikuwapo tena, wala kijiji, wala baiskeli. Alibaki mtu fulani, mahali fulani, na panga lisilo na mpini.

Nitasimulia moja, kwa sababu mama mwenyewe alikuwa akiisimulia hadharani kwa furaha mpaka mwisho wake. Alikuwa akiuza mahamri na mbaazi karibu na posta. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye kazi nzuri aliyekula kwa mkopo tangu mwanzo wa mwezi, na ulipofika mshahara alianza kupita ng'ambo ya barabara, amekaza macho mbele utadhani anaitwa. Mama akaja kwangu na hasira yake. Tukaandika. Baada ya muda Mambo akazungumzia watu wanaokula kwa mikopo kwa mama wauza vyakula kisha wanabadilisha njia. Sina hakika kama ilikuwa ni barua yetu. Nchi hii ina mama wengi wauza mahamri na barabara zake zote zina ng'ambo. Lakini Jumatatu yake walikuja kulipa watu wanne, na yule bwana wa mshahara hakuwa miongoni mwao! Mmoja wao alileta pesa ambazo mama hakukumbuka kama anamdai. Bwana mwenyewe alikuja siku ya tatu, akalipa bila kusema neno, akaagiza chai.

Mhariri, laiti jina lingetajwa, angelipa mmoja tu, tena kwa kinyongo, na pengine mama angehama pale. Kwa kuwa halikutajwa, kila aliyekuwa na deni alijiona yeye ndiye. Huo ndio ufundi ninaoutetea katika barua hii, na sijasikia hata mmoja wa waliotoa rambirambi akiutaja. Wote walisifu sauti. Sauti ilikuwa nzuri, sikatai, lakini sauti nzuri tunazo nyingi. Kutaja kosa bila kumtaja mkosaji ni kazi ngumu kuliko kuwa na koo zuri. Inabidi uipange habari mpaka iwe ya kila mtu bila kuwa ya mtu yeyote, na uipange kwa dakika chache, kwa Kiswahili ambacho mtu wa Lodwar, wa Kisii na wa Lamu wote wataelewa mara moja.

Kuna jambo jingine kuhusu Mambo ambalo sisi wa Pwani huwa tunalijua kimyakimya. Alizaliwa Freretown mwaka wa 1940. Kijiji hicho kilianzishwa na wamisionari wa CMS mwaka wa 1875 kwa ajili ya watu waliotekwa utumwani wakaokolewa baharini, na ile kengele iliyokuwa ikipigwa kuwaonya dhidi ya wavamizi ingali pale njia panda ya Nyali, mahali ambapo makanga wa matatu hupaita Kengeleni bila kujua ni kwa nini. Ukoo wa Mbotela ulitoka kwa watu hao. Babake, James Mbotela, aliandika kitabu cha Kiswahili kuhusu maisha yao, kikachapishwa mwaka wa 1934. Zamani huku kwetu mtu alipimwa kwanza kwa hilo: huyu mwungwana, yule kizazi cha watumwa, na wa pili hata awe na adabu kiasi gani hakupewa kiti cha mbele. Nilikuwa na mzee mmoja jirani yangu, wa ukoo uliojivunia nasaba yake, ambaye kila Jumapili alizima redio kipindi kikianza. Alisema hawezi kufundishwa ungwana na mtu wa Freretown. Mwanawe alikuwa akiiwasha tena mzee akishatoka. Nchi nzima ilikubali kuulizwa swali lile na mjukuu wa waliouzwa, mwaka baada ya mwaka, na waliojiita waungwana wakajibu kwa kunyamaza. Sijui kama Mambo mwenyewe aliwahi kulifikiria hivyo. Mimi nimelifikiria sana.

Sasa, nisije nikaonekana ninamfanya marehemu malaika. Sauti ya Kenya ilikuwa ya serikali, na sisi tulioishi miaka ile tunakumbuka taarifa ya habari iliyoanza na Mtukufu Rais, ikaendelea na Mtukufu Rais, na kama muda umebaki ndipo watu wengine wakapata ajali. Baadaye Mambo alifanya kazi katika kitengo cha habari cha Rais. Sikumbuki kusikia swali lake likiulizwa kuhusu mkuu wa wilaya aliyewaweka akina mama juani tangu asubuhi wamngojee kwa nyimbo, wala kuhusu chifu aliyechukua kuku wa mtu kwa jina la harambee. Na barua za namna hiyo ziliandikwa. Nilizipima kwenye mizani. Ungwana wa redio ulikuwa ni wa raia kwa raia. Aliye juu hakuulizwa.

Ilibidi tungoje redio za kibinafsi zifunguliwe, miaka ya tisini ikielekea kwisha, ndipo tukampata marehemu Waweru Mburu wa Radio Citizen na kipindi chake cha Yaliyotendeka, aliyewavua viongozi nguo asubuhi mapema kabla hawajanywa chai. Waweru alitaja majina, na alistahili kuyataja, kwa kuwa mwenye cheo amejitolea mwenyewe kutajwa siku alipoomba kura. Ningependa mtu anayesoma uanahabari awaweke wawili hawa kando kwa kando. Mmoja aliwaficha wanyonge majina yao, mwingine aliwanyima wakubwa mahali pa kujificha. Nchi iliwahitaji wote wawili, na sasa haina hata mmoja. Waweru tulimpoteza mwaka wa 2015.

Kuhusu mpira, ambao Mambo aliutangaza pia, sitasema mengi, mimi si mtu wa mpira. Najua tu kwamba miaka ambayo Harambee Stars ilichukua Kombe la Challenge mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983, benchi la posta lilijaa watu wasio na barua. Nilikuwa na redio ya National kwenye dirisha la nyuma, betri zake nikizianika juani zikianza kufifia. Mambo na wenzake kina Ali Salim Manga waliwafanya watu ambao hawajawahi kuona uwanja wenye nyasi wamjue kipa Mahmoud Abbas kama jirani yao. Wapenzi wa mpira wataandika barua yao wenyewe.

Niende kwenye redio za leo, maana ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Ukipanda matatu asubuhi huku kwetu, utasikia mtangazaji akimpigia simu mume au mke wa mtu hewani ili wapatanishwe. Kipindi mashuhuri kabisa cha aina hiyo ni Patanisho cha Gidi na Ghost katika Radio Jambo. Sisemi hao ni watu wabaya. Mimi mwenyewe nimecheka ndani ya matatu mpaka nikapitishwa kituo changu, na ninaamini wapo waliorudiana kwa ajili yao. Lakini tazama mpangilio ulivyogeuka. Mwenye malalamiko anaanza na jina, kama walivyoanza wangu wa kwenye benchi, na safari hii jina linakwenda moja kwa moja hewani. Yule wa upande wa pili anapokea simu yuko sokoni, au yuko kazini, au anamnyonyesha mtoto, na kabla hajajua yuko wapi, abiria wa nchi nzima wameshamhukumu. Kesho kipande kinasambazwa kwenye simu. Watoto wake wanakisikia shuleni.

Na wanaosikiliza wanapata nini? Wanapata kicheko na uhakika kwamba mpumbavu ni mtu mwingine. Hakuna atakayeshuka kwenye matatu akaenda kulipa deni la mahamri. Kila mmoja anashuka akiwa msafi kuliko alivyopanda.

Wanaotetea vipindi hivyo huniambia kwamba zama zimebadilika, kwamba kijana wa leo hawezi kukaa dakika tano akisimuliwa habari za mtu asiye na jina. Naona si kweli. Vijana wale wale wanatazama video fupi za wachekeshaji zinazoigiza mama mkwe, mwenye nyumba wa kupanga, mgeni asiyetaka kuondoka, na hakuna hata mmoja wao anayetaja mtu halisi. Wanacheka na kutumiana wakiandika "huyu ni wewe". Hiyo ni kazi ya Mambo kabisa, ila hawajui ilianzia kwa nani. Kinachokosekana ni mtangazaji mwenye mamlaka ya sauti na subira ya kulisema jambo mara moja akanyamaza. Wengi wa sasa hawawezi kunyamaza. Wameajiriwa wawili studioni ili mmoja akipumua mwingine acheke.

Niongeze neno kuhusu jinsi tunavyowatunza hawa watu wakiwa hai. Mzee Ojwang, yaani Benson Wanjau wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, aliyetufanya tukimbilie runinga ya jirani, macho yalipomsumbua uzeeni ilibidi wananchi wamchangie. Alifariki Julai 2015, na rambirambi zilikuwa ndefu na nzuri. Sikusikia mtu akiuliza msanii aliyeonekana kila wiki kwa miaka mingi alilipwaje, na kila kinaporudiwa kipindi cha zamani analipwa nani. Watangazaji wa habari angalau walikuwa watumishi wenye mshahara. Waigizaji wale wa Vitimbi na Vioja Mahakamani sijui walikuwa nani mbele ya sheria.

Sisi wa Pwani tulilelewa pia na redio ya ng'ambo ya mpaka, kwa sababu usiku masafa ya kati ya Dar es Salaam yalisikika huku wazi kuliko Nairobi. Watoto wangu walikua na hadithi za Mama na Mwana za Deborah Mwenda wa Radio Tanzania, na walimjua Julius Nyaisangah, yule Uncle J, kabla ya kujua jina la mbunge wao. Nyaisangah alifariki Morogoro mwaka wa 2013. Charles Hilary, aliyetangaza Dar es Salaam, Ujerumani na London na kuishia kuwa msemaji wa serikali ya Zanzibar, alifariki Mei 2025, miezi mitatu baada ya Mambo. Mwaka mmoja tumewazika wawili. Na huko nako nasikia wazee wakiuliza hili ninalouliza hapa: kanda ziko wapi?

Hili la kanda ndilo ombi langu la kwanza, na naliomba kwa KBC, shirika la utangazaji lililorithi Sauti ya Kenya. Zamani utepe ulikuwa ghali, na katika idhaa nyingi duniani sauti ya jana ilifutwa ili ya leo ipate pa kukaa. Kwa hiyo sitarajii kwamba kila Jumapili tangu 1966 imehifadhiwa. Lakini zilizosalia zitajwe. KBC wachapishe orodha: kipindi hiki, tarehe hii, hali ya utepe ni hii. Orodha haihitaji mitambo, inahitaji karani mwenye daftari, na makarani wastaafu tupo. Kisha warudishe hewani zile zinazosikika vizuri, Jumapili, bila mtu wa kuzitambulisha kwa dakika kumi na bila kuwekewa muziki chini yake. Na barua! Kama kuna chumba pale Harry Thuku Road chenye magunia ya barua za wasikilizaji ambayo hayajachomwa, tafadhali yasichomwe. Mwanahistoria anayetaka kujua Wakenya walikosanaje mwaka wa 1974 hatapata mahali pengine. Majina yafunikwe kwanza, bila shaka. Mambo mwenyewe alishatuonyesha namna.

La pili ni kwa Kaunti ya Mombasa. Pale Kengeleni magari hupita usiku na mchana na hakuna hata kibao kidogo kinachosema kwamba mtangazaji huyu ni mtoto wa hapa. Siombi sanamu, kwa kuwa sanamu zetu hazifanani na wenyewe na huishia kuwa mahali pa kubandika matangazo ya waganga. Naomba darasa katika shule ya pale, lenye redio na vinasa sauti, ambamo watoto watafundishwa kusimulia jambo kwa dakika tano.

La tatu ni kwa wenye redio za kibinafsi, zikiwemo zile ndogo za Pwani zinazosema ziko kwa ajili ya jamii. Toeni dakika tano. Si asubuhi, huko kuna pesa ya matangazo na sitaki kugombana na wenye biashara. Toeni Jumapili mchana, watu wakiwa nyumbani pamoja. Mtafute mtangazaji mmoja, mwanamke au mwanamume, anayeweza kukaa peke yake mbele ya maikrofoni. Mfungue namba ya kupokea ujumbe badala ya sanduku la posta, na muwe na sharti moja: jina likija, lifutwe. Mtashangaa ni malalamiko mangapi yatakuja. Jirani bado anarudisha panga bila mpini. Kuna wanaopiga simu kwa sauti msikitini na kanisani. Kuna wanaokuondoa kwenye kundi la WhatsApp la mchango wa harusi kwa sababu umeuliza hesabu. Kuna vijana wanaompiga picha mtu aliyepata ajali kabla ya kumwinua. Hili la mwisho nililiona mwenyewe mwezi uliopita hapa sokoni, na nilitamani sana kuwa na mahali pa kuliandikia.

Nawe Mhariri, ikifika Agosti na mwandishi wako akakuletea tena habari ya Ochuka na Mbotela, usiikatae, ni historia na ilitokea. Lakini mwambie apunguze nusu ya kurasa, na hiyo nusu nyingine amtafute mzee au bibi mmoja popote nchini aliyewahi kumwandikia Mambo barua, amuulize ilikuwa inamhusu nani. Wengi watakataa kusema. Wakikataa, aandike hivyo.

Karani mstaafu wa posta,
Kaloleni, Kaunti ya Kilifi